Kisu cha Kikomando na Cherehani ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mama mkwe kaondoka asubuhi. Anakwenda kwa wifi kumsaidia kulea, maana wifi kaanza kazi na kichanga bado shingo teketeke. Amesema atakaa huko mpaka mtoto akaze shingo, akishakaza tu anarudi. Nikamuuliza shingo hukaza lini. Akasema shingo haina kalenda, mwanangu, kuna za haraka na kuna za uvivu.

Ya Bonge wangu ilikuwa ya uvivu. Kichwa kilikuwa kikianguka kifuani kwangu kama anataka kuniambia siri. Sasa anakaa mwenyewe kwenye beseni na kunipigia makofi nikifua.

Mama ameacha cherehani yake pembeni ya kabati. Ni ile ya mkono, imefunikwa kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe. Kabla ya kutoka aliipapasa mgongoni jinsi anavyompapasa Bonge. Akasema nisiiguse, ina hasira, mkono usioijua ukiishika inakata uzi. Nikasema siigusi, Mama. Wakati ule nilimaanisha.

Jioni mume wangu alikuja na Injinia. Injinia si injinia. Wanapanga maboksi pamoja ghalani, ila yeye anajua mambo, basi ndiyo wakamwita hivyo. Walibishana habari za visu tangu chai ilipomiminwa mpaka birika likawa jepesi. Si visu vya jikoni. Ni vile vya kikomando wanavyoviangalia kwenye simu, vyeusi, vya kukunja, vina kishikizo cha mfukoni. Mume wangu akasema kimoja kinaweza kufika bei ya friji. Injinia akauliza friji ya mlango mmoja au milango miwili. Mume wangu akasema miwili. Wakakaa kimya kidogo, kwa heshima.

Mimi nilikuwa namlisha Bonge. Nilisikia kila kitu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Leo nimefanya akili.

Nilipita kwa Badili. Ana duka la vitu vilivyokwisha kutumika, na jina hilo amepewa kwa sababu hapendi kuuza, anapenda kubadilishana. Ukimwendea na kiti unatoka na redio. Kwenye kabati lake la kioo, kati ya saa zilizosimama na miwani, nikakiona. Kisu cheusi. Cha kukunja. Kina tundu la kidole gumba, kina kamba ya kusuka mkiani, na nyuma kina kijino kidogo cha chuma. Nikauliza kijino cha nini. Badili akasema hicho ni cha kuvunjia kioo cha gari ukizama nalo mtoni. Sina gari. Lakini nilihisi nimeokolewa.

Nikafikiri hivi. Kisu kimoja ni friji ya milango miwili. Friji ya milango miwili ni cherehani mbili, labda na vitambaa juu. Nikibadilisha cherehani ya Mama kwa kisu, nikauza kisu, ninanunua cherehani mbili. Moja inarudi pembeni ya kabati, Mama hajui lolote. Nyingine yangu. Najifunza kushona, naacha kufua nguo za watu, nakaa na Bonge wangu kutwa nzima. Niligeuza hesabu hiyo huku na huku. Haina tundu.

Nikambeba Bonge mgongoni na cherehani kichwani. Badili akauzungusha mkono wa cherehani mara moja, uzi ukakatika. Akasema ina hasira hii. Nikasema ndiyo uzuri wake.

Nyumbani nikapanga boksi, juu yake nikalaza chupa ya chai, nikafunika kile kitambaa cheupe. Ukiiona toka mlangoni ni cherehani. Ukisogea ni cherehani iliyougua.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimewaonyesha kisu. Nilisema kuna mtu kaniachia nikitafutie mteja. Si uongo mkubwa. Mtu mwenyewe ni mimi.

Mume wangu alivua kofia, akaitupa juu ya cherehani kama kawaida yake. Cherehani ikabonyea. Hakuona. Macho yote yalikuwa kwenye kisu.

Injinia akakishika kwa ncha za vidole, akakifungua, kikalia klak. Akakifunga. Akakifungua tena. Aliendelea hivyo mpaka Bonge akaanza kucheka kila klak. Halafu ukaanza ubishi. Injinia akasema hiki ni chenyewe, tazama herufi na namba ubavuni, hicho ndicho chuma chenyewe. Mume wangu akasema herufi hata yeye anaweza kuandika, apewe msumari tu. Injinia akamwambia ndugu yangu, wewe hata jina lako huandiki likasomeka. Mume wangu akasema basi yeye kalinganisha na ya kwenye simu, na hiyo namba haisomeki vilevile.

Wakakijaribu. Kikakata karatasi bila sauti. Kikamnyoa Injinia vinyweleo vya mkono, sasa ana uwanja mweupe kama mtu aliyefungwa bandeji. Kikakata kamba, kikakata boksi, kikakata kandambili ya zamani ya mume wangu ambayo kumbe bado alikuwa anaipenda.

Mwishoni wakakubaliana. Kisu ni kizuri kupita kiasi. Nikauliza nani anakichukua kati yenu. Injinia akasema shemeji, kisu kama hiki hakinunuliwi hovyo, hiki mtu anamrithisha mwanawe. Nikasema mwanangu hana meno mawili ya mbele, atarithi kisu cha nini. Wakacheka, wakaagana.

Kitu kimoja kizuri. Wifi kapiga simu. Shingo ya mtoto wake bado inayumba. Nikamwambia asiiharakishe.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nimegundua kosa. Nilikipeleka kisu kwa wapenda visu. Wapenda visu wanapenda kuangalia. Kisu kinahitaji mtu anayekitumia.

Basi nikaenda buchani. Jumamosi asubuhi pana watu wengi pale. Nikajipanga kwenye foleni na Bonge wangu, zamu yangu ilipofika sikuagiza nyama, nikatoa kisu. Mwenye bucha akarudi hatua moja. Nikamweleza. Akacheka mpaka akafuta macho kwa bega.

Kisu chake yeye kimelika, kimebaki chembamba kama mkia wa panya. Akasema dada, hiki nimekitumia tangu sijaoa. Mpini umebadilishwa, nikabadilisha tena, chenyewe kiko palepale. Kila baada ya vipande vichache anakipitisha kwenye chuma chake cha kunolea, shua shua, bila hata kutazama. Akaniuliza makomando wangapi wanakuja hapa kununua utumbo.

Mama mmoja nyuma yangu akasema mwache binti afanye biashara yake. Mzee wa kofia ya sufu akasema kisu ni chuma bwana, si mbwembwe. Mwingine akasema mbwembwe nazo ni kazi, vinginevyo kwa nini mwenye bucha kavaa saa ya dhahabu kwenye damu. Basi wote wakaingia kwenye ubishi. Nyama zikasahaulika. Foleni ikawa duara. Waliosema chuma kigumu ndicho bora wakasimama upande wa friji, waliosema chuma laini kinanoleka upesi wakasimama upande wa mizani. Sikujua kama watu wana mawazo mengi hivi kuhusu visu. Walikuwa wanayabeba tu, hawajaulizwa.

Yakafanyika mashindano. Kamba ya katani, kisu changu kikashinda. Ukanda wa tairi, kikashinda. Waya wa kufungia gunia, mwenye bucha akasema kisu chake ni mwenzake wa kazi, hamtesi namna hiyo, mimi nikakata, kikashinda. Mfupa, nikagonga kwa nguvu kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Kikashinda nusu. Nilisikia raha kidogo kifuani.

Halafu yule mama wa nyuma yangu akauliza swali la kikatili. Je, kinamenya viazi? Alikuwa nacho kimoja kikapuni. Nikajaribu. Kisu ni kinene mgongoni, kiazi hakikumenyeka, kilipasuka kama kuni. Akakitazama kiazi chake, akanitazama. Akasema pole mwanangu, akaagiza nusu kilo.

Hakuna aliyenunua. Mwenye bucha akanipa kipande cha mfupa ule bure, nikampikie Bonge supu.

Nimerudi nikakuta mume wangu anatabasamu na simu. Wifi katuma picha. Mtoto kalazwa kifudifudi, kainua kichwa, anatutazama kama mwenye nyumba anayedai kodi. Mume wangu akasema ona shingo hiyo. Nikaona. Nikakaa chini.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Kisu hakikati.

Nilitaka kukatia nyanya. Nyanya ikabonyea, ikarudi, ikabonyea, mwisho ikapasuka upande wa pili na kuniruka usoni. Bonge alifurahi. Mimi nilikigusa makali kwa kidole. Yamekuwa laini kama mdomo wa kikombe. Ni ule waya. Au mfupa. Au kandambili.

Si neno. Kisu kikiisha makali kinanolewa. Nikasubiri fundi wa kunoa apite na baiskeli yake, ile anayoisimamisha na kuikanyaga jiwe likazunguka. Huyu ni mtu wa majivuno. Nilimwambia taratibu, hiki si cha kawaida. Akasema mama, chochote chenye ncha duniani mimi nimekishika, lete.

Akakikalisha kwenye jiwe. Kikateleza. Akakikalisha tena, akakanyaga zaidi. Cheche zikatoka upande wa jiwe. Akavua shati. Akakanyaga kama anafukuzwa. Kilio cha chuma kilikuwa kikali, kuku wa mtaa wakahama, Bonge akaziba masikio ya mwanasesere wake. Aliposimama, makali yalikuwa na rangi ya bluu kama mgongo wa nzi, na jiwe lake lilikuwa na mfereji katikati.

Tukaangalia vyote viwili.

Akasema hicho si chuma. Nikasema basi ni nini. Akasema yeye hajui, lakini sasa nani atamnolea jiwe lake? Nikamwambia chochote duniani yeye amekishika. Akavaa shati, akaondoka bila kuaga. Nilimsikia kona ya pili akimwambia mtu asininolee kitu.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Injinia kafurahi mno. Nilidhani atanionea huruma. Alikitazama kisu kilichoungua makali akasema shemeji, umeshinda, sasa imethibitika. Cha bandia kingenoleka mara moja. Hiki kimekataa. Kimekataa kwa sababu ni chenyewe, kinataka jiwe lake maalumu.

Mume wangu akasema kisu kisichokata na kisichonoleka ni kipande cha bati chenye kamba. Injinia akamuuliza friji ikikatiwa umeme, inaacha kuwa friji? Mume wangu akafikiri. Akasema inakuwa kabati. Injinia akasema kabati la milango miwili, ndugu yangu, bado ni mali.

Hoja hiyo ilinituliza. Nikajiandaa kuitumia kwa mteja yeyote. Kisu hiki ni kigumu mpaka mafundi wanakimbia. Nikajaribu kuisema mbele ya kioo. Inasikika vizuri ukiisema upesi.

Wakati huo akaingia Mama Mapazia, jirani yetu wa ukuta. Anashona mapazia tu, hashoni kingine, na anajiona ameshika dunia. Cherehani yake imekufa katikati ya kazi. Amepata oda ya nyumba ya wageni, madirisha yote. Akaomba kuazima ya Mama mkwe. Nikasema Mama kakataza isiguswe, ina hasira. Akasema shoga, mimi na Mama yenu tumetoka mbali, hasira zake nazijua. Akaitazama ile pembeni ya kabati kwa muda. Akauliza mbona imekonda.

Nikasema tangu Mama aondoke haili vizuri.

Akanikata jicho, akatoka. Nafikiri nilimpiga chenga.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Wifi anasema mtoto sasa anageuza kichwa kumfuata paka. Nikauliza paka anakwenda upesi au polepole. Akasema wifi, mbona maswali yako ni ya daktari.

Sina muda tena. Mama akirudi akakuta chupa ya chai chini ya kitambaa chake, sijui nitaweka wapi uso huu. Hatapiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Atanyamaza, na kesho yake atafunga mzigo wake. Yeye ndiye aliyenipokea nilipoingia nyumba hii na tumbo langu na begi moja. Alinishonea nguo ya kwanza ya Bonge kwa cherehani ileile, usiku na mchana, bila mtu kumwambia.

Basi nimemeza aibu, nimekwenda kwa Badili. Nikaweka kisu mezani, nikasema nirudishie changu uchukue chako. Akakifungua. Akakipitisha kwenye ukucha. Akasema dada, hiki siyo kisu nilichokupa. Kile kilikuwa kinakata. Nikasema ni kilekile, hiki kimethibitishwa. Akasema kimethibitishwa na nani, na moto?

Halafu akasema hata kingekuwa kizima, cherehani imeshakwenda. Jana. Nikauliza kwa nani. Akasema mambo ya wateja wake hayasemi, hiyo ndiyo heshima ya duka. Nikaangalia. Kwenye kona palipokuwa na cherehani pana televisheni yenye kitambaa cha pazia juu yake, maua makubwa ya zambarau.

Maua hayo nayajua. Nimeyaona dirishani kwa jirani.

Nimefika nyumbani, nimekaa kitandani na Bonge mapajani. Ukutani, krrr, krrr, krrr. Kimya. Tusi dogo. Uzi umekatika. Krrr.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Mpango wa leo ulikuwa safi kabisa mpaka saa ya kuutekeleza.

Mama Mapazia ana cherehani, lakini mkasi wake ni butu, kila mtu mtaani anausikia ukitafuna. Mimi nina kisu cha thamani. Nikabadilishane naye. Yeye abaki na chombo cha kukatia kitambaa, cha maisha yote. Mimi nichukue mashine yenye hasira inayomsumbua. Nikambeba Bonge, maana mtu akiwa na mtoto mgongoni watu humsikiliza zaidi.

Akanikaribisha kwa furaha ambayo sikuipenda. Akanikalisha mbele ya cherehani yenyewe. Akaniuliza naionaje cherehani yake mpya. Nikasema ni nzuri. Akasema ndiyo, imenenepa.

Nikajitia hamnazo. Nikatoa kisu, nikaeleza ugumu wa chuma, herufi, namba, makomando, gari kuzama mtoni. Nikasema kinakata kitambaa cha pazia kama hewa. Akasema ebu nione. Alikuwa ametandaza pazia la sebule ya wageni, lile refu kuliko yote, limeshapimwa. Nilidhani atanipa kipande cha pembeni. Na yeye alidhani nitachagua cha pembeni. Nikaweka ncha, nikavuta.

Hakikukata. Kiling'ata kitambaa, kikakikunja, kikakiburuta. Nilipovuta zaidi, ua moja la zambarau likatoka zima na nyuzi zake kama limeng'olewa shambani.

Mama Mapazia akakiinua kitambaa. Akaingiza mkono kwenye tundu, akatupungia vidole upande wa pili. Bonge akampungia naye. Halafu akasema shoga, kisu chako ni mbuzi, kinatafuna maua.

Sasa jirani ananidai pazia. Na cherehani iko kwake. Na mimi ndiye mwenye kisu.

Jumapili, tarehe 17 Machi

Shingo imekaza. Mume wangu alipokea simu asubuhi, akasema alhamdulillahi, Mama yuko njiani. Nikasema alhamdulillahi.

Nikafikiria kuuguza cherehani zaidi. Kusema imekwenda kwa fundi. Kusema imeibiwa na komando. Nikaishia kumwogesha Bonge na kumvalisha nguo yake nzuri kuliko zote, ili Mama aangalie huko.

Akafika mchana. Akamchukua Bonge, akamnusa shingoni, akasema mjukuu wangu umekuwa mtu. Akanisifu mimi pia, kwamba nimemtunza. Akaketi. Nikamletea maji. Akanywa nusu.

Ukutani, krrr, krrr.

Mama akashusha glasi. Akasikiliza kama mtu anayeitwa kwa mbali. Krrr. Kimya. Tusi dogo. Hakugeuza shingo kutazama pembeni ya kabati, wala hakuniuliza. Alinipa Bonge, akafunga kanga kiunoni, akaenda kwa jirani. Mimi nikaweka sikio ukutani. Mume wangu akaniuliza nasikiliza nini. Nikasema namsikiliza Mama. Naye akaweka sikio.

Mama alisalimia vizuri. Akauliza hali ya nyumba, hali ya miguu. Halafu akamshukuru Mama Mapazia kwa kumtunzia cherehani yake. Mama Mapazia akasema hii kaipata kwa Badili, kaitolea televisheni. Mama akasema anajua, wewe ni mtu mwema, kuona mali ya jirani dukani ukatoa televisheni yako kuiokoa, wangapi wangefanya hivyo? Mama Mapazia akasema si wengi. Sauti yake ilikuwa imepotea njia. Mama akaendelea, taratibu, hivi ulipojua mkwe wangu kaipeleka kwa Badili, hukuona kwamba ni mtoto tu, ana mtoto? Mama Mapazia akasema aliona. Ndiyo maana hakusema kitu. Alitaka mkwe anyooke kidogo kwanza. Mama akasema amenyooka?

Wote wawili wakacheka. Walicheka muda mrefu, na sijui ni sehemu gani ilikuwa ya kuchekesha.

Wamekubaliana hivi. Cherehani inarudi. Badala yake Mama anamshonea Mama Mapazia mapazia yote ya nyumba ya wageni mpaka oda iishe, pamoja na lile lenye tundu, na mapindo yote nitayafanya mimi kwa mkono. Mama Mapazia ameileta mwenyewe kichwani. Mama akafunua kitambaa cheupe mbele yetu sote, akaiona chupa ya chai imelala juu ya boksi. Akaishika, nayo asubuhi niliijaza chai kama kila siku. Akasema bado ina joto.

Nililia basi. Mama akanifuta kwa upindo wa kanga yake, akasema yamekwisha.

Mume wangu wakati wote alikuwa amekunja uso. Nilikuwa namwogopa sasa. Mwishowe akauliza. Akauliza kama kumbe kile kisu ni chetu. Nikasema ndiyo. Akakifuata kabatini. Klak. Akampigia Injinia.

Jumanne, tarehe 19 Machi

Mapindo. Tangu jana ni mapindo. Vidole vimejaa matundu, Bonge analala kwenye mlima wa mapazia kama mtoto wa mfalme.

Mama hana kinyongo, hilo lazima niliandike. Leo akanivuta karibu na cherehani, akauweka mkono wangu juu ya mkono wake, tukazungusha pamoja. Akasema haina hasira kweli, inataka mtu asiwe na haraka. Ukiiharakisha inakata uzi. Tukashona upande mzima wa pazia na uzi haukukatika. Halafu akaanza kusema kitu kirefu. Kwamba macho yake siku hizi hayaoni tundu la sindano. Kwamba tangu mwanzo alikuwa na nia, ila alitaka kwanza aone kama nina mkono. Kwamba nikishajua pindo na mkunjo na kola, cherehani hii itakuwa

Hapo Badili akapita dirishani.

Akasema dada, pole na kazi. Akasema yule bwana aliyemletea kisu kamletea na jiwe lake. Lilikuwa limesahaulika kwenye begi. Jiwe dogo kama kipande cha sabuni, lina unga wa almasi, hilo ndilo pekee linalokinoa. Kisu bila jiwe hilo, akasema, ni gari bila ufunguo. Mtu mmoja ameshaliulizia. Akasema angependa pasi, kama ninayo, hata ya mkaa, kuna mteja anaisaka sana.

Pasi ipo. Ni ya Mama, nzito, ya shaba mbele.

Nikafikiri. Kisu si kibovu. Kisu hakijawahi kuwa kibovu, kila mtu alisema hivyo, hata waliokataa kukinunua. Kilichokosekana ni jiwe. Kikinolewa kinarudi kwenye thamani yake, nakiuza, nanunua pasi mbili na cherehani yangu mwenyewe. Hesabu hii nimeipitia upya. Haina tundu.

Nilipogeuka Mama alikuwa amemaliza kusema. Akauliza kama nimeelewa na nimekubali. Nikasema nimekubali, Mama. Macho yake yakalowa kidogo, sijui kwa nini. Nikamuuliza pasi yake huwa anaitumia mara kwa mara? Akanishika shavu. Akasema mwanangu, hilo ndilo swali la mshonaji, pindo bila pasi si pindo, kila moja lazima lipite pasini.

Mapindo yanaisha Ijumaa. Badili nimemwambia Jumamosi.